Megabaiti Thelathini na Mbili

Mengo, Kampala
9 Machi 2008

Mdogo wangu Guerschom,

Bwana aliyetuvusha mpaka hapa akuangalie na huko uliko. Sisi wazima. Victoire ameanza shule ya watoto na amekijua Kiganda mpaka ananisema mbele yangu na marafiki zake, na mimi natabasamu tu kama mjinga. Mwezi ujao anatimiza miaka mitano. Jino lake la mbele limeng'oka, amelificha, hataki kuniambia wapi. Anena naye anakusalimu. Bado anakuja ofisini kila asubuhi kutoka Kyebando, bado anaongea kile Kiswahili chake cha kambi ya polisi, kila neno amri. Juzi alimwambia mchungaji, "Kaa chini!" na mchungaji akakaa.

Wewe je? Ochan wa lori la saruji anasema umekonda na umefuga ndevu. Nyoa, Guerschom. Una miaka thelathini na moja tu, unajizeesha kwa nini? Na simu yako nimechoka nayo. Fadhul, yule fundi kompyuta wa Kisenyi, ananiambia mliongea mwezi uliopita mpaka mkacheka. Mimi nikipiga inaita mara mbili, inakatika. Huo mtandao wa Yei huko Sudani unamjua Fadhul, mimi haunijui? Haya, naandika, maana barua huwezi kuikata.

Shida ni ile kompyuta ya ofisi uliyotutengenezea. Tangu Anena aazime modemu, kila mara inaomba apudeti, na Anena ukimwonyesha swali anajibu ndiyo kabla hajalisoma. Wiki iliyopita ikagoma. Ikaandika kwamba nafasi imekwisha kwenye kitu kinachoitwa buti. Nimeshangaa, maana ulituambia diski ina gigabaiti ishirini, na majina yetu yote hayajajaza hata robo ya moja. Inawaka bado, lakini naogopa.

Unajua kwa nini naogopa. Madaftari yalioza mwaka ule paa lilipovuja, na tangu hapo orodha nzima iko ndani ya hiyo mashine peke yake. Watu mia nne na kumi na wawili waliopotezana na ndugu zao wakati wa kukimbia. Uliniambia ninakili kwenye CD. Nisamehe, mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2005, na CD yenyewe imekwaruzika. Sasa tarehe 29 mwezi wa nane anakuja mgeni wa shirika linalotafuta watu. Atachukua orodha yetu akailinganishe na orodha za makanisa na kambi za upande ule wa Kongo. Haijawahi kutokea, Guerschom! Miaka yote hii tunaandika majina na hakuna mtu aliyeyapeleka popote.

Tresor ni namba moja. Wewe ndiye uliyemwandika, siku ulipoiwasha hiyo mashine mara ya kwanza: jina, miaka saba, alionekana mara ya mwisho njia ya Komanda akiwa na mjomba wake. Mwezi wa sita mwanangu anafika kumi na tatu. Sauti itakuwa imeanza kuvunjika, labda hata mimi hatanitambua. Nataka jina lake liwe mkononi mwa yule mgeni. Niambie nifanye nini na hiyo buti.

Ni mimi yaya wako, dada yako mkubwa,
Kahambu


Yei
20 Aprili 2008

Yaya Kahambu,

Amani kwako na kwa Victoire na kwa kanisa lote. Mimi mzima. Mvua imeanza, barabara ya Kaya imekatika, na barua yako imekaa mpakani wiki tatu pamoja na saruji ya Ochan. Niko kwenye karakana ya misheni, natengeneza redio, jenereta, na mashine moja ya kupimia damu ambayo hata aliyeiunda angeikana. Ndevu nitanyoa. Mtandao hapa ni mbaya kweli.

Sasa kompyuta. Usiogope, si ugonjwa mkubwa. Diski ile niliigawa vipande vitatu. Kipande cha kwanza, kidogo, ni cha kuwashia tu, ndicho hicho kinachoitwa buti. Humo inakaa kerneli, yaani faili ambalo mashine inalisoma kwanza ikiamka, na faili jingine linaloisaidia kufungua vipande vilivyobaki. Mfumo huu wa bure ukisasishwa, kerneli mpya inaingia na za zamani hazitoki. Zinaachwa makusudi, ili mpya ikigoma urudi kwa ile ya jana. Kwa miaka minne zimejazana humo na hakuna aliyezitoa.

Kosa ni langu. Kipande hicho nilikipa megabaiti thelathini na mbili. Kitabu kilishauri mia moja. Hata Fadhul, ambaye mfumo huu haujui kabisa, alisimama nyuma yangu akasema weka kubwa, bwana, nafasi unayo, unaibania nini? Nikabisha. Nilipiga hesabu ya kerneli mbili, tatu kwa wingi, kwa sababu nilijua hatutakaa. Unakumbuka? Kitanda hatukununua. Masufuria hukuyatoa kwenye gunia mpaka Krismasi. Miezi sita, tulisema, halafu tunarudi Bunia. Nani anajisumbua kusasisha mashine ya miezi sita? Mtu anayejua atakaa, leo ningemwambia megabaiti mia mbili ndiyo chini kabisa, na mimi mwenyewe ningetenga mia tano niwe na amani.

Fanya hivi. Kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha nimeandika amri, zifuate herufi kwa herufi, na mahali nilipoacha nafasi, wewe pia uache. Utaona mafaili yenye namba. Acha yale yenye namba kubwa kuliko zote, mengine yote yafute. Namba kubwa ndiyo mpya, ndiyo unayoitumia sasa. Baada ya hapo zima, washa, endelea na kazi. Na mwambie Anena asiguse kitu.

Nampelekea Victoire kalamu za rangi, Ochan anazo. Asizifiche kama jino.

Mdogo wako,
Guerschom


Mengo
1 Juni 2008

Guerschom,

Salamu za Bwana. Victoire amechora nyumba, mimi na yeye mlangoni, na wewe juu ya paa. Nilipomuuliza mjomba anafanya nini juu ya paa akasema anatafuta mtandao.

Mdogo wangu, nimeiua mashine.

Barua yako ilifika tarehe 25 Mei. Lakini wiki mbili kabla, sisi tukiwa hatujui iko wapi, Anena alikubali apudeti nyingine. Ikaingia nusu, ikalalamika nafasi, ikaacha. Kesho yake haikuamka. Anena hakukata tamaa. Akabonyezabonyeza mpaka ikatokea ile orodha ndogo ya mwanzoni yenye mistari, akachagua mstari wa chini, ule wa zamani, ikaamka vizuri. Tukawa tunafanya hivyo kila siku, mstari wa chini, mstari wa chini, na kazi inaendelea. Halafu barua yako ikafika. Nikavaa miwani, nikafunga mlango, nikamtoa Anena nje. Umesema acha namba kubwa, nikaacha namba kubwa. Umesema futa mengine yote, nikafuta yote.

Kumbe namba kubwa ndiyo ile iliyoingia nusu. Nilipoizima na kuiwasha ikatoa maandishi meupe kwenye weusi, ikasimama hapo. Mstari wa chini upo, lakini ukiuchagua inasema faili halipo. Halipo, mimi ndiye niliyelifuta. Ulipoandika barua ilikuwa kweli, ilipofika haikuwa kweli tena, na mimi nikakutii kama mtoto wa shule. Kwa nini sikufikiri? Nilikuwa nimeshika karatasi yako tu, nilifurahi kuona mwandiko wako.

Niliibeba mpaka Kisenyi kwa Fadhul. Akaniambia hii mashine ya mdogo wako mimi siijui, dawa yangu ni kufuta diski yote niweke ule mfumo wa kila mtu. Nikamnyang'anya. Nimeifunika kitenge na hakuna anayeigusa mpaka uniambie.

Nijibu neno moja tu: majina yamekufa? Yameandikwa humo, au nimeyafuta na yenyewe? Andika siku hiyo hiyo Ochan anapokukabidhi, umpe palepale.

Na jambo jingine. Barua yako yote, mbele na nyuma, hukumtaja Tresor. Tarehe 14 ni siku yake ya kuzaliwa. Najua inakuuma, ni wewe uliyekuwa naye mkapotezana, na mimi sijawahi kukulaumu hata siku moja. Lakini mtaje. Mtoto hatajwi na mama yake peke yake.

Yaya wako,
Kahambu


Mengo
13 Julai 2008

Guerschom,

Sisi wazima. Nakuandikia bila kungoja jibu, kwa sababu jibu halipo.

Ochan nilimbana. Anasema barua alikupa mkononi tarehe 7 Juni, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaitia mfukoni, ukamwambia utajibu safari ijayo. Safari ijayo imepita. Safari baada ya hiyo imepita pia. Mara ya pili alikuita langoni, wakamwambia umetoka, na viatu vyako viko mlangoni. Viatu vyako, Guerschom! Vile nilivyokununulia soko la Owino.

Nimekukosea nini? Kama ni yale niliyoandika kuhusu Tresor, basi sitayarudia. Kama huijui dawa ya mashine, sema huijui, mtu hafi kwa kusema sijui.

Watu wanakuja. Jumanne alikuja mzee mmoja ametoka kambini Nakivale, safari ya siku nzima, kuuliza kama jina la mke wake bado liko. Nikamwambia liko. Nilimdanganya mzee wa watu huku kitenge kiko pale kimefunika mashine isiyowaka. Nikaona haya mpaka nikatoka nje.

Sasa nimeanza kuyaandika upya kwa kichwa. Nakaa na daftari, nafumba macho, nawaona walivyoketi kwenye benchi, mmoja mmoja, na alivyosema kila mmoja. Mama wa mapacha wa Mongbwalu. Yule kijana aliyemwacha baba yake mgonjwa. Mpaka jana nimefika tisini na saba. Wengine nakumbuka sura na sikumbuki jina, na sura haiandikiki. Anena ananisaidia, lakini yeye anakumbuka waliogombana naye tu. Mgeni anakuja baada ya wiki saba. Tisini na saba kati ya mia nne. Tresor nimemweka namba moja palepale, lakini hao wengine nitawaambia nini? Kwamba mimi nilimkumbuka wangu?

Simu nimepiga tena leo. Imeita mara mbili.

Kahambu


Yei
3 Agosti 2008

Yaya,

Nakusalimu wewe na Victoire. Sina habari za kwangu za kukuandikia.

Bahasha hii ina karatasi mbili na CD moja. Hii ndiyo ya kwanza. Ya pili nimeikunja na kuibandika kwa gundi. Nakuomba, kwa upendo wa mama yetu, usiifungue mpaka majina yawe yamechapishwa kwenye karatasi na umeyashika. Ukiifungua kabla, mikono yako haitafanya kazi.

Majina hayakufa. Hujayafuta. Ulichofuta ni vilivyomo kwenye kile kipande kidogo cha kuwashia, na majina yapo kwenye kipande cha tatu, ambacho hukukigusa. Ni mlango umevunjika, nyumba iko salama na watu wako ndani. Hukukosea, yaya. Nilipaswa kukuandikia kwanza uangalie ni ipi inayofanya kazi, ndipo ufute. Mtu hafuti kerneli kwa kufuata namba peke yake. Nililijua hilo, nikaandika kwa haraka ili barua iishe.

Beba mashine uende kwa Fadhul, kwa sababu ana printa. Tia CD hii, washa. Mfumo mzima uko ndani ya CD yenyewe, kwa hiyo mashine itaamka bila kuhitaji kile kipande kabisa. Ngoja, itachukua dakika kama tano, usiibonyeze. Itakapotulia utaona picha za diski. Fungua ile kubwa kuliko zote. Ndani yake kuna folda yenye jina lako, na ndani ya folda ni orodha. Nakili kwenye flashi ya Fadhul kwanza. Halafu nakili tena kwenye flashi nyingine. Halafu chapisheni.

Yote yakishatoka, mwambie Fadhul sasa anaweza kufuta diski. Kwenye mgongo wa karatasi hii nimemwandikia hatua zote za kuuweka mfumo upya. Kipande cha kuwashia akipe megabaiti mia tano. Asibishane. Mnakaa Kampala, na mtakaa.

Guerschom


[karatasi ya pili]

Yaya Kahambu,

Kaa chini. Kama Anena yuko karibu, mwambie akae na wewe.

Tresor hakupotea. Alikufa tarehe 16 Mei 2003, siku ya nne ya njia, na mimi nilikuwa naye.

Lile lori pale Bunia lilipokubali mama mwenye kichanga tu, ukapanda na Victoire, mimi na Tresor tukatembea na watu wengine. Siku ya pili akaanza kuharisha. Tulikunywa maji waliyokunywa wote. Siku ya tatu nikawa nambeba, na alikuwa mwepesi, yaya, kila saa anakuwa mwepesi zaidi. Asubuhi ya siku ya nne akafa mikononi mwangu, mbele kidogo ya Komanda, penye shule iliyochomwa moto. Nilimzika nyuma ya ile shule na wanaume wawili ambao mpaka leo siwajui majina.

Nilipofika Beni ulikuwa kwenye veranda ya kanisa. Victoire alikuwa na wiki tatu. Homa ilikuwa imekupanda na maziwa yalikuwa yanakauka. Ukaniuliza, "Mtoto yuko wapi?" Nyuma yako kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anakuuguza, akanitingishia kichwa nisiseme. Nikasema, "Tumepotezana." Nilitaka liwe neno la siku mbili, mpaka homa ishuke. Likawa la wiki. Tukavuka Kasindi, likawa la Kampala. Halafu ukaanza kuuliza watu, watu wakaanza kukuuliza wewe, ukafungua daftari, na daftari likawa ofisi. Ni ujinga wangu ule ule wa kwenye diski. Nilipima kitu kwa siku chache, nikakuacha uishi nacho.

Siku ile nilipoiwasha mashine ulisimama nyuma yangu, ukasema, "Anza na Tresor, na uandike vizuri, wasije wakakosea." Niliandika. Ndiyo sababu niko Yei. Kazi Kampala ilikuwepo.

Barua yako ya Juni, jibu lake nililijua nikiwa bado nimesimama mbele ya Ochan. CD hii ilikuwa sandukuni kwangu. Nimekaa nayo wiki nane. Nilijiambia: mashine ikibaki imekufa, mgeni ataondoka mikono mitupu, hakuna atakayekwenda kule kuulizauliza, na Tresor atabaki amepotea tu. Nilikuwa tayari watu mia nne na kumi na mmoja wapotee pamoja naye, ili mimi nisiseme. Halafu ukaniandikia kwamba umefika tisini na saba kwa kichwa. Nilishindwa.

Kuhusu simu, unajua sasa. Ningeisikia sauti yako ningesema, na nilikuwa naogopa kusema.

Guerschom


Mengo
31 Agosti 2008

Guerschom,

Victoire mzima. Mimi nakula, nalala.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa utaratibu.

Bahasha ilifika Jumatano tarehe 27. Nilipanda boda na mashine mapajani, Anena kwenye boda ya pili ameshika skrini, anamfokea dereva kila shimo. Kwa Fadhul tukatia CD. Ikaamka. Fadhul alipiga meza akasema, "Huyo mdogo wako!" Nikafungua kubwa kuliko zote, kama ulivyosema, na wote walikuwa humo. Mama wa mapacha. Yule kijana wa baba mgonjwa. Mke wa mzee wa Nakivale, jina lake limeandikwa vizuri kabisa. Nililia kwenye duka la watu. Nilimkumbatia Fadhul, Mwislamu wa watu, mpaka akaona haya. Nilisema kwa sauti, wateja wanasikia, kwamba Mungu akubariki wewe Guerschom kwa kila kidole.

Tukachapisha kurasa ishirini na moja. Nikazishika mkononi, kama ulivyotaka. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi la mtengeneza viatu jirani, nikafungua gundi.

Sikupiga kelele. Anena alitoka kunitafuta, akauliza nina nini, nikamwambia ni jua tu. Nikarudi ndani, nikamwomba Fadhul tena mashine, nikaenda kwenye mstari wa kwanza. Ulikuwa umeandika vizuri kweli, hakuna kosa hata moja. Nikaufuta. Sikupanga namba upya. Fadhul akanichapishia ukurasa ule wa kwanza, unaanza na namba mbili. Hakuniuliza. Kumbe yeye ni mtu mzuri.

Mgeni alikuja Ijumaa. Mwanamke, mpole, ana Kiswahili cha Goma. Ofisi ilijaa mpaka barazani, watu wamevaa nguo za kanisani. Akapitisha kidole kwenye ukurasa wa kwanza, akaniuliza, "Mama, orodha inaanza na mbili. Namba moja yuko wapi?"

Nikasema, "Huyo tumeshajua alipo."

Anena akapiga vigelegele. Yeye alijua namba moja ni nani, wote walijua, nimewaimbia jina hilo miaka mitano. Wamama wote wakapokea, wakasimama, mzee wa Nakivale akacheza. Wakanishika, wakaninyanyua mikono. Mmoja akaniambia sikioni, kama wako amepatikana, basi na wangu atapatikana. Ningewaambia nini? Niliwaacha wapige. Mgeni naye alikuwa anapiga makofi. Orodha akaitia kwenye mkoba, akaondoka nayo.

Anena nimemwambia jana. Amekaa nami kutwa, hajatoa amri hata moja.

Fadhul ameiweka mashine upya. Hiyo sehemu ameipa mia tano.

Usiniandikie kuomba msamaha. Ukiandika nitaichana. Siku moja labda nitasema neno kuhusu miaka mitano hii, na kuhusu wiki nane, lakini si sasa, sasa sina nafasi ya hasira. Nataka unijibu haya tu, na ujibu kweli, hata kama ni mbaya. Ulimfunika na nini? Uliweka alama? Na aliniuliza?

Kahambu


Yei
14 Septemba 2008

Yaya,

Barua yako nimeipata asubuhi hii. Ochan amezima injini, ananingoja langoni.

Nilimfunika na shati langu. Lilikuwa dogo kwa kazi hiyo, kwa hiyo mmoja wa wale wanaume akatoa lake, miguu ikafunikwa pia.

Alama niliweka. Nilipanga matofali ya ile shule, manne, na moja katikati. Nimejua mwaka juzi, kwa mtu aliyepita, kwamba shule imejengwa upya. Matofali sijui. Mahali napajua, naweza kupaonyesha nikiwa nimefumba macho. Nikikupeleka utakuja?

Ndiyo, alikuuliza. Alikuuliza njia nzima, lakini ile asubuhi ya mwisho aliuliza mara moja tu. Alisema, "Lori la mama limefika?" Mimi sikujua kama mmefika au mmekufa. Nikamwambia limefika, mama amepika, anakungoja mlangoni. Akasema basi, twende polepole, mama hataondoka.

Guerschom